Mlango wa Mbele

Mume aliuawa kwenye mlango wa mbele. Jeannette akasema tena jikoni, na Papa Zihindula akalifunga daftari lake.

"Mama Gentille, we unanichosha. Mlango gani?"

"Wa jikoni."

"Wa mbele! Njo nimeandika hapa. Bantu bane balipita na hii hadithi, bote balisema wa mbele. Leo we njo unataka kunifundisha?"

"Wa mbele," akasema Jeannette, macho chini.

Ombi lake la kwanza la hifadhi lilikuwa limekataliwa. Barua ilifika kwenye kambi ya Dzaleka, Malawi, kwa Kiingereza, na binti yake Gentille, aliyesoma shule ya pale kambini, ndiye aliyemfafanulia: maelezo yako ni mafupi mno, hayana kichwa wala miguu, hatuyaamini. Sasa imebaki rufaa moja tu, keshokutwa, Lilongwe. Ikikataliwa na hiyo, mama na binti watatakiwa kuondoka, na kule kwao Fizi, Kongo, hakuna wa kuwapokea isipokuwa wale wale waliowafukuza.

Ndiyo maana alimpa Zihindula cherehani, iwe malipo ya hadithi. Cherehani yenyewe, ile iliyokuwa ikiwalisha. Majirani walisema amerukwa na akili. Waache waseme, barua haikwenda kwao.

Na kwa nani tena angekwenda? Zihindula alikuwa msomi wa Bukavu. Kifaransa anacho, Kiingereza anacho, Kichewa cha sokoni anacho. Miaka mingi alikuwa mkalimani wa ofisi ya wakimbizi kabla ya kufungua hili darasa lake la chumba kimoja. Wakimbizi aliokaa nao mezani ni mamia, hata sura zao zilishamchanganyikia. Kila mtu kambini alijua kwamba anayefundishwa na Zihindula hupita. Charlotte, mtoto wa mjini ambaye Fizi hakuwahi kuikanyaga, alipita na hadithi hii hii, na leo yuko Kanada.

"Soma tena, Papa. Tangu mwanzo."

Akasoma. Mwanamke yuko nje, analoweka mihogo, mtoto mgongoni. Wenye bunduki wanaingia. Wanamuuliza mume: huyu ni mke wako? Mume anasema hapana, simjui, ni mpita njia. Wanamgeukia mwanamke: na wewe, unamjua huyu? Mwanamke anasema simjui. Wanamwambia ashike njia yake. Anatembea. Hajafika mbali, anasikia risasi.

Jeannette alikuwa ameshika pindo la kitenge chake na kulikunjakunja.

"Hapo anapiga kelele, analia," Zihindula akaendelea. "Na we ulie. Ba afisa wanapenda machozi."

"Hakulia."

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Angelia, wangejua ni mke. Wangemrudisha."

Zihindula akamtazama, kisha akacheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata mwanafunzi mbishi kama huyu.

"Akili unayo, mama. Lakini ile ofisi haitafute akili. Analia."

"Sawa. Analia." Akalikunjua pindo la kitenge. "Na mwenyewe akitokea, Papa?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye hadithi."

"Ee mama! Hadithi iko ya mwenye kujua kuisema. Huyo mwenyewe, sijui kama hata yuko hai. Tuendelee. Mlango gani?"

"Wa mbele."

Siku ya rufaa alipanda kabaza mpaka barabara ya lami, amekaa nyuma ya ile baiskeli akinong'ona peke yake, wa mbele, wa mbele, hadi mwendeshaji akageuka kumwangalia. Kwenye basi dogo la kwenda Lilongwe aliendelea. Alipofika ofisini, mtaa wa Area 47, midomo ilikuwa imemkauka, na mlinzi wa getini alipomrudishia kitambulisho hata zikomo, asante ya Kichewa, ilimshinda kusema.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni, mwenye sauti ya chini. Mkalimani alikuwa mpya, msichana wa Uvira aitwaye Arlène, anayetafsiri sentensi moja moja bila kuruka kitu.

Jeannette akaanza. Mihogo, bunduki, mpita njia. Kwenye mlango akasita. "Wa mbele," akasema. Aliona aibu kubwa, aibu ya kutaka ardhi immeze, lakini akaendelea. Alisema alipiga kelele. Alisema alilia. Na hapo machozi yakamtoka kweli, hakuyazuia wala hakuweza, mpaka afisa akamsogezea boksi la tishu.

Kalamu ya afisa ilikimbia. Ukurasa, ukurasa mwingine. Mwishowe akaiweka chini, akasema kitu taratibu.

"Anasema anakuamini, mama," Arlène akatafsiri. "Anasema pole sana."

Jeannette aliitikia kwa kichwa. Gentille hatarudishwa. Alilishika wazo hilo kwa nguvu, hakutaka kuwaza lingine.

Afisa akafungua faili la zamani. Ndani mlikuwa na karatasi moja, maelezo ya Jeannette ya kwanza kama yalivyotafsiriwa, mistari minne tu. Akaigeuza nyuma kama anayetafuta iliyobaki, akauliza.

"Anauliza, mama, mbona mara ya kwanza hukuyasema haya?"

"Niliogopa," Jeannette akajibu, kama alivyofundishwa.

Siku ile ya mahojiano ya kwanza alisema kwa saa mbili, hakuacha kitu: jikoni, mumewe Delphin, jinsi alivyoondoka bila kulia. Na mkalimani wake alikuwa Zihindula.