Suti ya Mjumbe Mwandoe

Siku hizi mjumbe akipitisha sheria ya kufunga watu, yeye ndiye anayekuwa bwana jela wao, na hatoki gerezani mpaka mfungwa wa mwisho atoke. Mwandoe, aliyewahi kubebwa mabegani jimbo zima, ndiye aliyeharamisha kuchota maji ya mto bila kibali. Ana miaka kumi na mmoja humo ndani.

Leo mfungwa wake wa mwisho alikuwa anaachiliwa saa nane. Saa sita mkewe, Wakesho, alifika na suti iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Vaa, Baba Mghoi. Ukirudi na hayo magwanda wajukuu watakukimbia."

"Hawatanipigia kura?"

"Kwanza waone kama bado unajua kulala bila kufuli."

Mwandoe alicheka mpaka akakohoa. Akalivaa koti, likamnukia sabuni. Alijua mabomba ya kijijini kwao yamekauka tangu mwaka juzi. Mazoea ya kuhoji watu yakamponyoka mdomoni kabla hajayazuia.

"Umelifua kwa maji gani?"

Ukutani ikawaka taa nyekundu. Chombo kinachonasa kila swali la bwana jela kilikuwa kinangoja jibu, na kwake kunyamaza ni kukiri; kikishanasa kosa huwaka kijani, na bwana jela huandikiwa mfungwa mpya.

"Sema una kibali," Mwandoe alinong'ona. "Mama Mghoi, sema tu."

Wakesho alimtazama kwa mshangao.

"Kibali? Vibali si mliyapa mashamba ya maua? Sisi mlituambia tusubiri."

Taa ikageuka kijani.