Simu ya Saa Moja

Baba alikata roho saa sita mchana. Jioni Fidele alisimama nje ya wodi, Kasulu mjini, simu sikioni, mkononi mfuko wenye ndala za marehemu.

Kule Nyakitonto mama alikuwa juu ya kichuguu, penye mtandao, akiuliza habari kwa mpangilio wake: majirani, mbuzi, maharage. Mgonjwa humuulizia mwisho. Na Fidele hakulelewa kumkatiza mzazi, sembuse kwa habari ya msiba.

Ndala zilikuwa bado na udongo mwekundu wa shambani.

“Haya, mwanangu,” mama alisema hatimaye. “Na baba yako ameshindaje?”

“Mama...”

Simu ikakatika. Saa nzima ya maongezi ilikuwa imetimia.

Akapiga tena. Hapatikani. Akapiga mara tano, sita.

Ni yeye mwenyewe aliyemweleza mama juzi: “Tukiongea saa nzima, mtandao unakata wenyewe. Usikae hapo kunisubiri. Shuka tu nyumbani, ujue huku ni salama.”

Mama alikuwa ameshashuka. Saa hizi alikuwa jikoni, akisaga ulezi wa uji wa kumpelekea mgonjwa.