Kitovu cha Papa

Nasreen alikuwa ameshafukuzwa kwenye meza mbili za samaki Kariakoo, lakini hakuwa na wasiwasi. Kwenye ya tatu aliiacha karatasi ya kukusanyia saini mkobani, akaamkia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye yule wa saini? Mnataka tusiuze papa, tule nini?"

"Nataka hata wajukuu zako waje kuuza, mama. Mapezi yanasafirishwa nje kwa tani, papa wanaisha. Mataifa yanakutana kuidhibiti hiyo biashara, na sisi tunaiomba serikali yetu iunge mkono."

"Wanaisha wapi? Si hawa hapa mezani, kila siku wanakuja!"

Nasreen akachukua papa mmoja, mfupi kuliko mkono wake, akamgeuza tumbo juu. Katikati ya mapezi ya kifuani palikuwa na mpasuko mdogo kama tundu la kifungo.

"Hiki ni kitovu. Huyu hatoki kwenye yai, anazaliwa kama sisi. Hakijafunga bado, ni kichanga."

Mama yule alifuta vidole kwenye kanga, akagusa. Ukucha ulizama kidogo.

Akamgeuza wa pili. Akamgeuza wa tatu, kisha wote waliobaki, mmoja mmoja, mpaka meza nzima ikawa matumbo meupe.

"Miaka ishirini nawakatakata hawa," alisema taratibu. "Sikuwahi kuwageuza."

Mteja aliuliza bei.

Mama alimshika papa mmoja mkiani, akapanda juu ya kigoda chake.

"Jamani!" aliita safu nzima. "Acheni visu, njooni muone!"