Rangi ya Ukili

"Pua yangu haijakosea tangu nizaliwe," Bi Mboni alijigamba mbele ya watu waliokuja kupanda miche kandoni mwa kijito, kisha akaongeza, "ila siku nilipoposwa."

Watu walicheka, isipokuwa Hamdu dobi. Maji yalikuwa yananuka, vyura walishahama, na Mwenyekiti Makame alikuwa amemtwika yeye lawama zote. Kazi ya kupanda ikiisha, banda lake la kufulia lingevunjwa.

"Sabuni hainuki hivi," Bi Mboni alisema. "Choo chako, Mwenyekiti, kinaishia wapi?"

"Shimoni, bibi. Nililichimba mwenyewe."

"Basi niazime. Uzee huu, kibofu hakingoji mtu."

Alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti, pale juu kidogo ya kijito, akiwa na fundo kwenye pindo la kanga. Humo alikuwa amefunga rangi ya zambarau anayotilia ukili wa mikeka yake. Aliporudi, fundo halikuwepo. Akaketi ukingoni, akayakodolea macho maji kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Unatafuta nini, bibi?" Hamdu alimnong'oneza.

"Hata mimi sijui bado. Tulia."

Mwenyekiti alikuwa amesimama majini, suruali ameikunja hadi magotini, akiwaapia watu kwamba hata tone moja la choo chake halijawahi kugusa kijito. Nyuma yake, chini ya mizizi ya ukingo, uzi wa zambarau ulichomoza, ukatanuka, ukamzunguka miguu.

"Endelea kuapa, baba," Bi Mboni alimwambia, "ila usisogeze miguu."