Jina la Pili

"Tupatie wawili wa kunyongwa, nawe utasamehewa," hakimu alikuwa amemwambia Jabez gerezani. "Mmoja hatoshi."

Lakini Jabez alikuwa amempora msafiri barabarani akiwa na mwenzake mmoja tu. Siku tatu alikaa na pingu miguuni akitafuta jina la pili, na lililomjia likawa la mwokaji mikate wa mtaani kwao.

Sasa alipopanda kutoa ushahidi mahakamani, mwokaji alimwona na uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja!" alipaza sauti kutoka kizimbani. "Mheshimiwa, huyu ni jirani yangu. Jabez, ndugu yangu, waambie! Mimi na barabara kuu wapi na wapi?"

Watu wakacheka. Jabez aliiangalia mikono ya yule mtu, iliyojaa makovu ya tanuri tangu kwenye viwiko hadi vidoleni, mengine mekundu, mengine yamefifia yakawa meupe. Ndiyo mikono iliyompelekea mama yake mkate kila asubuhi majira yote ya baridi, wala haikudai kitu.

"Shahidi," wakili akauliza, "mwizi wa pili yumo humu ndani?"

Jabez alitaka kusema hayumo. Akakumbuka kitanzi.

"Ni yule pale," akasema, akanyoosha kidole.

Askari wakamshika mwokaji mabega, naye bado anatabasamu.

"Ngojeni kwanza," akawaambia. "Hajamaliza. Anaeleza."