Punda Aliyesahau Kuulizia Kutua

Zamani hizo mabawa yalipokuwa yakiuzwa, walioruka walikuwa wakubwa peke yao. Siku moja Korongo, fundi wa kuyashona, akatangaza kwamba sasa hata mnyonge anayaweza. Punda akafurahi. Mama yake alikuwa ng'ambo ya mto, na hawakuwa wameonana tangu mafuriko yalipozoa daraja.

"Nitaruka kweli, mzee?"

"Utaruka, mama," alisema Korongo.

Punda akamchotea maji masika saba, akapewa mabawa yake, akaruka. Ng'ambo kulikuwa na mawe matupu na kiwanja kimoja tu, na Tai amesimama akikilinda.

"Kiwanja hiki ni cha Korongo," Tai alisema. "Una ruhusa ya kutua?"

"Nimemchotea maji masika saba."

"Hayo yalikuwa ya kuruka, dada. Kutua ni masika mengine saba."

Punda akazunguka juu ya mama yake mara tatu akimwita, upepo ukaichukua sauti. Mabawa yalipochoka, akageuza.

Chini, kikongwe akashusha masikio.

"Yule ni mwanangu," akamwambia Tai. "Siku hizi ana mabawa, hana tena haja ya kushuka kunisalimia."