Hatabaki Hata Mmoja

"Maman, hii mashine iko na bwana tayari," Ladislas mlinzi alimwambia Mukabera alipomwona anaingia tena langoni. "Bwana yake ni Karangwa. Wewe unatafuta nini kwake kila asubuhi?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mukabera hakucheka. Alifungua kitenge kiunoni, akakifunga upya, akapita.

Ulikuwa mwaka wa 2001. Ofisi ile ya Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, iliwatafutia watoto wazazi wao, na wazazi watoto wao, wale waliopotezana kambi za wakimbizi za Kongo zilipovunjika na watu wakakimbia, kila mmoja na njia yake. Majina yote yalikuwa ndani ya seva, kompyuta moja ya kumbukumbu iliyochoka, iliyowekewa feni yake peke yake huku watu wakitoka jasho. Sasa mpya ilikuwa imefika kutoka Kigali. Ilipita msitu wa Nyungwe ndani ya lori, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Karangwa, fundi wa mashine, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mto, na bado akisema Kiswahili cha huko, alikuwa amebandika mpango wa kuhamisha majina ukutani, umejaa mishale.

"Kwanza minatoa nakala," alimweleza Mukabera, kama alivyomweleza jana yake. "Moja inakaa hapa, moja inakaa parokiani, maana nyumba inaweza kuungua. Halafu minajaribu na batoto bachache, pamoja na majina ya Bukavu. Kama banaingia bazima, minaingiza bote. Ile ya zamani hatuizimi mpaka tumehakikisha."

"Na majina ya Bukavu pia?"

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe, Maman. Mpaka leo mashine ya huku haijui ya kule. Muntu anaandikwa kule, ndugu yake anaandikwa huku, mto uko katikati. Na sisi Banyarwanda kila mtoto na jina lake, halifanani na la baba wala la mama. Kwa jina tu utabaunganisha namna gani? Hii mpya italinganisha barabara walipopotezana, nguo, kovu, mpaka jina la utani la nyumbani."

Mukabera alikaa, akasimama.

"Na umeme ukikatika katikati?"

"Ndiyo maana ya nakala."

"Na kama mmoja akibaki kwenye ile ya zamani? Mmoja tu. Anaweza kubaki?"

Karangwa alimtazama kwa huruma. Mama akirudia swali moja mara nyingi, watu humhurumia. Hakuna anayemuuliza anaogopa nini.

"Hatabaki hata mmoja, Maman. Minakuapia."

Badala ya kutulia, Mukabera akakifungua tena kitenge.

"Wa kwako anaitwa nani?" Karangwa akauliza.

Angeweza kutaja jina lolote. Lakini mdomo una mazoea yake.

"Isimbi."

Karangwa aliandika, akasubiri, mashine ikakoroma. "Nimemwona. Msichana, barabara ya Nyangezi. Nitamuweka kati ya bale ba kwanza, ba kujaribia."

"Usijisumbue, Papa. Aende tu na wenzake."

"Heshima gani hii? Bengine bananipigia magoti nibatangulize, wewe unakataa."

Benchi likacheka tena. Mukabera alitoka bila kuaga.

Siku zilizofuata alibaki nyumbani Gashonga. Alipalilia mahali alipokwisha kupapalilia. Chungu kimoja alikitia chumvi mara mbili, kingine akakisahau kabisa. Gari likisikika barabarani aliacha jembe, akasimama mpaka lipite. Alijiambia fundi ni binadamu, umeme ni umeme, na mashine iliyotoka mbali hivyo haikosi kupasuka kitu ndani. Kisha, kama mtu anayejikuna kidonda akijua kitatoka damu, akashuka tena Kamembe kuuliza.

Safari hii Ladislas hakutania. Alisimama, akafungua lango lote kana kwamba linapita gari.

"Karangwa anakutafuta, Maman. Pita, pita."

Fundi alimlaki uani, mikono yote miwili mbele.

"Hatukufika hata kwenye majina yote. Ni bale tu ba kujaribia, na huyo wako akalingana wa kwanza. Barabara ileile, gauni lilelile, mpaka kovu la goti. Benzetu ba Bukavu bamekwenda kuhakikisha kwa macho. Ni kweli, Maman. Ijumaa gari linavuka daraja, halitasimama hapa, linakuja moja kwa moja mpaka Gashonga, mlangoni kwako."

Mukabera alikifungua kitenge, akakifunga upya.

"Umefanya kazi ya Mungu," Karangwa akasema. "Ungechoka kuja kuuliza, nisingemtanguliza."

Wanawake wa kwenye benchi wakapiga vigelegele. Mmoja, bibi wa kutoka Rwimbogo, alimshika mikono. "Niombee na mimi, mwanangu. Wangu bado." Mukabera aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimshuka, na kila aliyeyaona alisema afadhali, alie, furaha nayo inaumiza.

Alirudi Gashonga bila kusalimia mtu njiani, jambo ambalo majirani hawakulizoea kwake.

Mlangoni pake msichana alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua maharage. Alimtazama Mukabera usoni, akauweka ungo chini polepole.

"Mama," Isimbi akauliza, "ile mashine ulikoniandikisha imempata yule aliyenizaa?"

"Mashine imeungua, mwanangu," Mukabera akasema, akiingia ndani kutafuta gunia. "Majina yote yamepotea. Funga nguo zako, tunakwenda Bweyeye, ng'ambo ya msitu."